Nimemnyima Mdogo Wangu Chakula Nikidhani Nazima Moto

Mpendwa Mshauri, naomba msaada, na ujue kwamba anayekuomba si mtu wa kuomba ovyo, kwa sababu katika eneo letu hili lote, kuanzia kituo cha mabasi mpaka ukuta wa kiwanda cha magodoro, hakuna ndoa iliyofungwa wala ugomvi wa majirani ulioisha bila mimi kutia neno, na hata wakubwa wakitaka kujua wananchi wanasema nini huja kwanza kukaa kwenye benchi langu, wanaagiza mbavu, wananisikiliza, ndipo wanakwenda kuhutubia. Wananiita Rais wa Mbavu. Miaka ishirini na mitatu nachoma nyama na moto haujanishinda hata siku moja. Kuna mwaka mvua ilinyesha siku tisa bila kupumua, banda likajaa maji mpaka kiunoni, lakini mkaa wangu uliendelea kuwaka chini ya maji kama kawaida, na mashahidi ninao. Nakueleza haya ili nikisema naogopa usidhani ni mtu mwoga anayesema. Naogopa, Mshauri. Juzi nimemrudishia mteja mmoja chenji mara mbili, akaniuliza kama nina malaria.

Habari yenyewe ni hii. Nina mdogo wangu wa kike, baba mmoja mama mmoja, ni fundi cherehani, anashona sare za shule na mapazia katika chumba cha mbele cha nyumba yake, anaishi na binti yake anayefanya kazi saluni. Mwaka huu alianza kuona damu chooni akanyamaza, akajiambia ni bawasiri, akaendelea kushona, mpaka siku moja binti yake akamkuta amelala kifudifudi juu ya cherehani na kitambaa bado kiko chini ya sindano. Hospitali wakasema kansa ya utumbo mpana. Wakamfanyia upasuaji, wakaondoa kipande, wakasema sasa atawekewa dripu za dawa, moja kila baada ya wiki tatu, jumla nane. Tukamuuliza daktari, atapona? Daktari ni mwanamke kijana, ana sauti ya chini, akasema, "Tuna matumaini mazuri, lakini siwezi kuwaahidi."

Siku ile baada ya dripu ya kwanza tulikaa katika chumba chake cha kushonea, yeye kwenye kiti chake, mpwa wangu juu ya meza ya kukatia, mimi mlangoni, na hakuna aliyesema kitu. Na mimi Mshauri kimya hunishinda, ni kasoro niliyozaliwa nayo, kimya kikizidi lazima nikijaze. Nikasema, "Sikilizeni. Kansa ni moto. Na moto nani anaujua kuliko mimi hapa? Moto haufi kwa kupigwa, unakufa kwa kunyimwa mkaa. Sukari ni mkaa. Nyama ni mkaa. Mayai, maziwa, maharage, wali, mkate, vyote ni mkaa. Tumnyime huyu mgeni mkaa, tuone atawakia nini."

Mpwa wangu akasema, "Na mama mwenyewe, Mjomba, atawakia nini?"

Nikamwambia wewe umejifunza kusuka nywele, niachie mimi mambo ya moto. Mdogo wangu akacheka kidogo, cheko la kwanza tangu upasuaji, na lile cheko ndilo lililoniponza, kwa sababu mimi nikiona mtu ananisikiliza na kucheka siwezi tena kushika breki. Nikawaeleza habari za dereva wa lori, mteja wangu, ambaye madaktari walimrudisha nyumbani akafie kwake, na tumbo lake limevimba hivi, akala majani machungu ya kuchemsha na maji ya ndimu siku arobaini, hakuonja kitu kingine, na siku ya arobaini na moja akapanda lori lake akasafirisha saruji. Nikasema majani yenyewe nilimchumia mimi.

Basi mdogo wangu akaanza siku ileile. Asubuhi maji ya moto na ndimu, mchana majani, jioni majani na juisi ya karoti kidogo. Kila siku nikitoka bandani napita kumkagua, na akiniona anainua kikombe kama mtoto anayemwonyesha mwalimu daftari. Wiki ya pili nguo zikaanza kumpwaya, akazipunguza mwenyewe kwa cherehani yake. Wiki ya nne akazipunguza tena. Nikasema vizuri, mgeni anakosa mkaa huyo. Dripu ya pili ilimtupa kitandani siku tano, nikasema ndiyo dalili ya moto kukata roho.

Alhamisi iliyopita ilikuwa dripu ya tatu. Nesi akampandisha kwenye mizani. Siku ya dripu ya kwanza alikuwa na kilo hamsini na mbili, Mshauri. Mizani ikasema arobaini na tatu. Nesi akamteremsha, akampandisha tena, akadhani mizani imeharibika. Wakatoa damu, majibu yakaja, daktari akayasoma, akaiweka karatasi chini polepole, akasema, "Leo siwezi kukuwekea dawa. Mwili huu hautaibeba, utakuangusha kabla ya ugonjwa. Mama, unakula nini nyumbani?"

Mdogo wangu akanitazama. Mara moja tu. Kisha akasema, "Nakula vizuri, daktari. Nakula kila kitu."

Na mimi niliyekaa pale, mimi Rais wa Mbavu ninayejua kusema mpaka mvua inakatika, nilitazama viatu vyangu. Daktari akasema turudi baada ya wiki mbili, na kama uzito utazidi kushuka itabidi aache mpango huu wa dawa, na alipoulizwa na mpwa wangu kuna mpango gani mwingine akaanza kuisoma upya karatasi ya majibu. Tukiwa kwenye korido mdogo wangu akanishika mkono, mkono wake mwepesi kama kipande cha bitana, akaniuliza, "Kaka, nimefikisha siku ngapi? Labda nilikosea kuhesabu. Yule dereva alikaa arobaini kamili?" Nikasema, "Arobaini kamili." Nilisema hivyo, Mshauri, baada ya kuyasikia yote yale ya daktari, mdomo ulisema wenyewe.

Jumapili mpwa wangu alinifuata mpaka bandani, hakusalimia, akasimama mbele ya moshi. "Mjomba, mama ameanguka bafuni. Mara mbili. Nimemchemshia yai, amelikataa, anasema mpaka wewe uruhusu. Nataka uniambie mbele ya watu hawa. Nikimlisha yai atakufa?" Wateja wote wakaacha kutafuna. Na badala ya kusema ukweli nikasema, "Ukimlisha, litakuwa juu yako." Akaondoka. Nilimwona akijifuta uso kwa aproni ya saluni.

Sasa nikwambie lililo chini ya yote, ambalo hata mke wangu hajui. Mdogo wangu anapenda nyama ya pembeni, ile iliyoungua ikawa nyeusi na kukauka, tangu tukiwa watoto. Kwa miaka yote hii nilikuwa namwekea yeye, wateja hawaitaki, nikifunga banda nampelekea imefungwa kwenye karatasi, na soseji zilizobaki pia, namwambia fungu la dada wa Rais. Halafu miezi michache kabla hajaugua nikasikia redioni mtaalamu akisema soseji na nyama nyekundu nyingi na ile iliyoungua vinaongeza hatari ya kansa ya utumbo. Nikazima redio. Nikaongeza mkaa. Na siku daktari alipotaja utumbo, mimi nilisikia karatasi ile ya nyama ikikunjuliwa. Kwa hiyo niliposema tumnyime kila kitu, nafikiri nilitaka makosa yawe ya vyakula vyote, yasiwe ya jiko langu peke yake.

Na dereva hayupo. Nilisikia ujumbe wa sauti kwenye simu, katika kikundi chetu cha wachoma nyama, mtu ambaye hata simjui anasimulia habari za mtu ambaye naye hamjui. Mara ya kwanza nilipoisimulia nilisema nimesikia. Mara ya tatu akawa mteja wangu. Mara ya kumi nikawa nimemchumia majani, na nakuapia nilianza kuiona hata rangi ya lori.

Naomba uniambie, Mshauri, je, ni mimi niliyempa ugonjwa huu? Na nikimwambia leo kwamba hakuna dereva, si ndiyo nitamvunja moyo afe kwa huzuni? Je, hakuna njia ya kumrudisha kwenye chakula polepole bila kumwambia kwamba nilidanganya, labda niseme dereva naye aliruhusiwa mayai kuanzia siku ya arobaini?

Neno la mwisho, halafu nitanyamaza. Niliwatangazia kwamba nafunga naye, kwamba na mimi nakunywa majani yaleyale, bega kwa bega. Kila siku saa sita mchana naingia nyuma ya magunia ya mkaa nakula mayai matatu na mkate mzima. Alhamisi ile, mdogo wangu alipoteremka kwenye mizani, nesi alinitania akanipandisha mimi. Nimenenepa kilo nne.

Ni mimi,
Rais wa Mbavu

*

MSHAURI ANAJIBU

Rais, kaa chini.

Wasomaji wajue kwamba barua hii sikuiacha ingoje zamu yake. Nilimpigia mwandishi siku ileile ilipofika, akaniambia, "Mama, nina wateja," nikamwambia hakuna mteja aliyekufa kwa kungoja mbavu. Niliyomwambia nayaandika hapa kwa sababu najua hayuko peke yake. Kila ukoo una mtu wake wa majani.

Kwanza nikupe pole, na pole yangu ni ya kweli. Umeona ndugu yako wa damu akiumwa, ukaogopa, na hofu ikakutafutia kazi ya kufanya. Hapo sina ugomvi nawe. Ugomvi wangu unaanzia pale daktari alipouliza "unakula nini," mgonjwa akabeba uongo kwa ajili ya heshima yako, nawe ukamwacha aubebe. Ana kilo arobaini na tatu, mzigo wa nini tena?

Sasa jiko lako. Unajua moto wa mkaa, sikatai, lakini mtu si jiko. Jiko ukilinyima mkaa linapoa na chuma chake kinabaki. Mtu ukimnyima chakula, mwili unaanza kula nyama yake mwenyewe, misuli ya miguu, ya mikono, mpaka ya kifua, na ugonjwa unapata chakula chake humohumo. Uvimbe haukufunga siku arobaini. Aliyefunga ni dada yako. Mgonjwa wa dripu anahitaji nguvu na vyakula vya kujenga mwili kuliko wewe na mimi, ndiyo maana wanampima kabla ya kila dawa, na ndiyo maana mpwa wako aliyejifunza kusuka nywele alikushinda kwa swali moja.

Umeniuliza kama ni wewe uliyempa. Hakuna mtu duniani anayeweza kulijibu hilo kwa mtu mmoja, na anayekuambia anaweza ni ndugu yake dereva wako wa lori. Ni kweli uliyoyasikia redioni: soseji na nyama za kusindikwa zikiliwa kila siku kwa miaka zinaongeza hatari, nyama nyekundu ikizidi nayo inatiliwa shaka kubwa, na ile ya kuungua haimfai mtu. Lakini kuna pombe, kuna sigara, unene, kukaa kutwa nzima, kukosa mboga, matunda na nafaka zisizokobolewa, kuna umri, kuna damu ya ukoo, na kuna watu hawakufanya lolote kati ya hayo na bado wameugua. Ulimpelekea dada yako kitu alichokipenda. Liache hapo. Ukitaka kufanya toba, punguza moshi jikoni mwako, acha kuuza vipande vyeusi, weka mboga kwenye sahani za wateja, na usizime redio tena.

Kuhusu kumwambia: utamwambia. Usije na dereva aliyeruhusiwa mayai, nakukataza. Uongo wa pili utamla kilo zake kama ulivyomla wa kwanza. Na usiseme atakufa kwa huzuni, kwa sababu sasa hivi anakufa kwa njaa na wewe unakula nyuma ya magunia.

Fanya hivi, na ufanye kwa mpangilio huu. Leo, mwambie dada yako ukweli, binti yake akiwepo. Kesho asubuhi, msingoje wiki mbili, mpelekeni hospitali mkamwambie daktari yote, siku ngapi, kiasi gani, na majani gani hasa, kwa maana majani mengine hugombana na dawa na kuumiza ini. Msimrundikie sahani leo kwa furaha, kwani tumbo lililokaa wiki sita bila chakula linaweza kumdhuru likijazwa ghafla. Wao watawaambia aanze na nini, kidogokidogo, mara nyingi kwa siku. Akizirai, akipata homa au akitapika bila kukoma, mnaondoka saa hiyohiyo. Matibabu yakiisha, ndipo mkae na mtaalamu wa lishe mpange mboga, nafaka, maharage, samaki na nyama kidogo, na hivyo vitamsaidia kuishi vizuri, ila hakuna sahani inayoshika nafasi ya dripu. Na wewe, ukiwa ndugu yake wa damu, kapime utumbo wako. Hospitali hawampimi mtu kwa cheo chake. Chukua namba kama wengine, upange foleni, na ukiulizwa swali ujibu lililoulizwa tu.

*

Wiki mbili baadaye mwandishi alituletea haya, nasi tunayachapisha kama yalivyo:

Mshauri, nilimwambia. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi lakini yalitoka matatu tu, dereva hayupo, dada. Akaondoa mguu kwenye pedali ya cherehani. Mpwa wangu naye alisimama pale, hakunisaidia hata kidogo.

Mdogo wangu akasema, "Nilikuwa najua, Kaka. Hadithi zako nazijua tangu utotoni, wewe ndiye uliyeniambia umepanda treni bila breki."

Nikamuuliza, sasa mbona ulifuata? Akawa anakunja na kukunjua upindo wa sketi ya mtoto wa watu. Akasema, "Wote walisema huenda. Wewe peke yako ulisema hakika. Nilikuwa naogopa sana, nikataka kukaa na mtu mwenye hakika."

Hilo sijui nilifanye nini, naliacha hapa kwako.

Kesho yake tulikwenda, tukasema yote. Daktari hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Aliandika tu, akauliza majani yana umbo gani, akaandika tena. Alimlaza siku nne wakaanza kumlisha vijiko vijiko. Sasa anakula mara sita kwa siku, kidogokidogo, mpwa wangu anaandika ukutani kwa chaki ya kukatia nguo.

Alhamisi ikawa siku ya mizani. Tulifika mapema. Jina lake lilipoitwa nikawaambia tangulieni, nina simu nzito ya mtu mkubwa, siwezi kumkata. Wakaingia wawili. Nikabaki kwenye korido, simu sikioni, nikisema "ndiyo, mheshimiwa, ndiyo, hilo nitalishughulikia," kwa sauti, mpaka mlinzi akaniomba nipunguze. Sijui nilisema kwa muda gani. Mlango ukafunguka, mpwa wangu akatoa kichwa, akasema, "Mjomba, imepanda kilo moja na nusu. Damu bado wanaitazama, wakiridhika dripu ni Jumatatu." Nikamwinulia kidole asubiri kwanza, nikamuaga mheshimiwa vizuri.

Simu ilikuwa haina chaji tangu asubuhi.